Waandishi wanatutengenezeaje mudi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu na wanafunzi wa fasihi

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbeya na kila muhula maswali yanayonifikia ni yaleyale, kutoka kwa walimu wapya, vijana wa kidato cha tatu na cha nne, hata wazazi wanaosaidia watoto homuweki usiku. Nimeyakusanya hapa na majibu yangu. Vipande vya mfano nimeviandika mwenyewe, vichukue uvitumie darasani upendavyo.

## Kwanza tuelewane

Mudi ni nini hasa?

Ni ile hali inayokuingia wewe msomaji ukiwa unasoma. Kilichotokea kwenye hadithi ni kitu kimoja, jinsi kilivyokukaa moyoni ni kitu kingine, na mudi ni hicho cha pili.

Chukua hivi. Unaingia nyumba ya watu ukakuta wametoka kugombana sasa hivi. Hamna aliyekwambia kitu, umekaribishwa vizuri, chai umepewa, ila umeshajua hapa kuna jambo. Umejuaje? Kikombe kimewekwa mezani kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, baba mwenye nyumba anajibu "ndiyo" fupi fupi, redio iliyokuwa inasikika ukiwa nje imezimwa. Mwandishi anafanya kazi hiyohiyo kwa maneno, hakwambii "hapa kuna ugomvi", anakuwekea kikombe. Sasa kazi ya mwanafunzi ni kusema amejisikiaje afu arudi kwenye maandishi akakitafute hicho kikombe. Hilo neno kikombe nitalirudia sana huko chini, na darasani kwangu wanafunzi wameshalizoea.

Mudi na toni si kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya hivi viwili ndo kosa ninalokutana nalo zaidi nikiwa nasahihisha. Toni ni sauti ya anayesimulia, namna anavyolichukulia jambo: anadharau, anahurumia, anakejeli, anashangilia. Mudi iko upande wako wewe unayesoma.

Mara nyingi vinaenda pamoja ndo maana watu wanachanganya. Lakini soma hiki:

"Leo nyumbani raha sana! Wageni wamejaa mpaka uani, wengine wamelala kwenye mikeka, na tumekula nyama mara mbili. Shangazi kanipa soda nzima peke yangu. Mama tu ndo hachezi na sisi, amekaa chini amejifunga kitenge kichwani na wamama wamemzunguka."

Toni ya huyo mtoto ni furaha kabisa, hamna neno hata moja la huzuni. Ila wewe umeshajua hapo ni msibani na yeye hajajua, na kadiri anavyofurahi ndo wewe unazidi kuumia. Toni juu, mudi chini. Nikishawapa kipande hiki sihitaji tena kueleza tofauti.

Hisia za mhusika nazo ni kitu cha tatu. Mhusika anaweza kuwa ametulia tuli wakati wewe msomaji roho iko mkononi kwa sababu umeona nyoka chini ya kitanda na yeye hajaona.

Kwenye mtihani naruhusiwa kuandika "mudi"?

Usiandike. Mudi ni neno letu la kuongea. Kwenye karatasi andika "hali ya kihisia" au "mhemko", au bora zaidi itaje hisia yenyewe moja kwa moja: "mwandishi amejenga hali ya wasiwasi".

Nianze kufundisha tamathali (mbinu za lugha kama tashibiha na sitiari) au nianze na mudi?

Anza na mudi. Hili nalisema kwa uhakika maana nilianza kwa njia ile nyingine na niliwapotezea muda watoto wa watu.

Miaka yangu ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa mimi, unaandika ubaoni tashibiha (kulinganisha kwa "kama"), sitiari (kulinganisha bila "kama"), tashihisi (kitu kupewa sifa za mtu), takriri (kurudiarudia), mubalagha (kutia chumvi), tafsida (kupunguza ukali wa neno), kila moja na maana yake na mfano mmoja, wanakopi kwenye daftari, wiki inayofuata jaribio, wanapata maksi nzuri tu. Siku moja nikawapa kipande wasichowahi kukiona, nikauliza kinakufanya ujisikieje na ni nini humo ndani kinachofanya hivyo. Darasa kimya. Wakaandika, nikakusanya, na zaidi ya nusu waliandika sentensi moja inayofanana: "Mwandishi ametumia tashibiha, hii imefanya kazi yake ivutie." Nilikaa na yale madaftari jioni ile nikaona kabisa kwamba sentensi hiyo mimi ndo nimewafundisha. Haisemi kitu. Unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote duniani ikakaa.

Tangu hapo nimegeuza mpango. Kwanza soma kwa sauti, pili uliza "umejisikiaje", tatu uliza "ni neno gani limekufanya hivyo", na jina la tamathali linakuja mwisho kabisa, mtoto akiwa ameshakishika kitu chenyewe mkononi na anatafuta tu namna ya kukiita. Majina hayapotei, wanayakumbuka vizuri zaidi kwa sababu kila jina sasa lina kumbukumbu ya kitu kilichowagusa.

## Mbinu moja moja

Ukungu na mvua si vinaleta huzuni siku zote?

Hapana, na sisi wa Nyanda za Juu tunapaswa kuwa wa kwanza kulikataa hili. Mtoto aliyekulia Mufindi kwenye mashamba ya chai, au Makete, ukungu wa asubuhi kwake ni asubuhi tu kama asubuhi nyingine, anaona mtu akitokea ndani yake na kikapu na anamsalimia "kamwene" kabla hajamtambua sura. Mvua nayo, mtu wa Tukuyu inamnyeshea karibu mwaka mzima na amezoea, lakini mkulima wa Isimani aliyeangalia mahindi yake yakijikunja wiki tatu, mvua ikianza kugonga bati hiyo ni sherehe.

Mandhari haina mudi yake yenyewe, inapewa na vitu ambavyo mwandishi amechagua kutuonyesha ndani yake. Angalia soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Naweza kuandika viazi vimemwagwa juu ya turubai vikiwa bado na udongo wa Uyole, wamama wa ndizi wanaitana kwa majina, mvuke wa chai unapanda kwenye vikombe vya bati. Na naweza kuandika meza zimebaki mbao tupu, turubai moja linapigwa na upepo, kiazi kimoja kimekanyagwa kikapasuka na hamna aliyekiokota. Sokoni ni palepale, hata hali ya hewa inaweza kuwa ileile. Kwa hiyo swali la kuwapa wanafunzi ni: kwa nini ametuonyesha hiki na akaacha kile?

"Giza totoro", "kimya jii", "akalala fofofo", hizi ni tamathali au mapambo tu?

Ni hazina, na ninasikitika tunavyozipita haraka. Mara nyingi darasani huwa tunaziweka kwenye kapu moja la tanakali sauti lakini ukiangalia vizuri ziko za aina mbili. Kuna zinazoiga sauti kweli, kitu kikianguka pu, jiwe likiingia majini chubwi. Na kuna zinazoiga hali yenyewe wala hakuna sauti hapo, mweusi tii, mweupe pe, akaloa chepechepe, amekauka kau. Zote zinafika mwilini kabla hazijafika kichwani, ndo maana zinajenga mudi haraka hivyo.

Linganisha "mlango ukafungwa" na "mlango ukafungwa ndi." Ile ya kwanza ni habari. Ya pili, hicho kijineno cha mwisho kimefunga na matumaini pia, na sentensi imekatika palepale kama mlango wenyewe. Waambie wanafunzi wasikilize kiko wapi, maana karibu siku zote kinakaa mwisho na baada yake kuna ukimya.

Tatizo ni kwamba zingine zimechoka kwa kutumiwa. Ukisahihisha insha 60 za usiku wa kutisha utakutana na giza totoro mara 60, na ikifika ya kumi haikutishi tena. Hapo mwambie mwanafunzi akuonyeshe giza kwa kikombe: ameshika mkono wa mdogo wake lakini hamwoni, anahesabu ngazi kwa miguu.

Tashibiha na sitiari zinabadilishaje mudi?

Jaribio zuri kuliko yote ni kubadilisha kile kinacholinganishwa nacho na kuacha mengine yote yalivyo. Andika ubaoni: "Moshi ulipanda kutoka jikoni kama..." Afu malizia kwa njia tatu, kama uzi wa bibi anayefuma, kama nyoka, kama mkono wa mtu anayeomba. Kwa macho moshi ni uleule, mwembamba, unapanda polepole. Lakini ukisema bibi anayefuma darasa linatulia, ukisema nyoka kuna mtu humo jikoni hana nia nzuri, ukisema mkono unaoomba wanafunzi wenyewe watakwambia "mwalimu hapo hamna chakula."

Kitu kinacholinganishwa nacho hakiji peke yake, kinakuja na ukoo wake wote. Nyoka anakuja na sumu, na kimya chake, na hadithi zote tulizosikia tangu utotoni. Mwandishi mzuri anajua ukoo upi anaukaribisha.

Sitiari inafanya hivyohivyo ila inabana zaidi kwa sababu haina "kama" ya kukupa nafasi ya kupumua. "Baba alikuwa kama jiwe" bado kuna baba hapo ndani, labda kesho atacheka. "Baba ni jiwe." Basi.

Na tashihisi?

Kwenye tashihisi angalia kitenzi, hapo ndo mudi ilipokaa. Upepo wa Makambako mwezi wa saba unaweza kubisha hodi dirishani au unaweza kupekua nyumba. Anayebisha hodi ni mgeni mwenye adabu, anayepekua ni mwizi au askari. Usiridhike na mwanafunzi anayesema "upepo umepewa sifa za kibinadamu", muulize ni binadamu wa aina gani.

Urefu wa sentensi unahusika na mudi kweli?

Sana, pengine kuliko tamathali zote, na ndo jambo linalofundishwa kidogo kuliko yote. Soma hiki kwa sauti:

"Basi likaanza kushuka Kitonga, dereva akapunguza gia, injini ikaanza kuunguruma kwa sauti nyingine, kondakta aliyekuwa anapiga stori tangu Iringa akanyamaza, mama wa siti ya mbele akamsogeza mtoto katikati ya magoti, na kona ikaja, na baada ya kona kona nyingine, na huku kushoto hakuna kitu, ni hewa tu na vilele vya miti. Gia ikagoma. Dereva akajaribu tena. Ikagoma."

Sentensi ya kwanza ni ndefu kwa sababu mteremko ni mrefu, ukiisoma kwa sauti pumzi inakuishia ukiwa bado hujafika nukta, na mwili wako umeshaanza kuogopa kabla gia haijafanya lolote. Afu zinakuja fupi fupi kama mapigo ya moyo. "Ikagoma" imerudi mara mbili, hiyo ni takriri, lakini ya pili inauma zaidi kwa kuwa imesimama peke yake.

Angalia na hiyo -ka-. Kiswahili kimetupa kiambishi kinachosukuma tukio baada ya tukio bila kusubiri, akaamka akasikiliza akashusha miguu, msomaji anavutwa tu. Mwandishi akibadili ghafla akaweka "alikuwa amesimama pale" mwendo unaganda. Wafundishe wanafunzi kusikia hilo.

Kikombe cha hapo ni kipi? Wengi watasema gia. Kwangu mimi ni kondakta aliyenyamaza.

Taharuki ni mudi au ni mbinu?

Taharuki ni hali inayomkuta msomaji, kwa hiyo ni mudi. Mbinu ni zile zinazoileta, kuficha habari, kuchelewesha, kukatisha sura mahali pabaya, na mchezo wa urefu wa sentensi niliouonyesha kwenye swali lililotangulia.

Ukubwa na udunishi (jitu, kijitu, jumba, kijumba) vina kazi gani kwenye mudi?

Nashukuru kila mtu anayeuliza hili, maana tunalifundisha kwenye sarufi tu afu tunalisahau tukifika kwenye fasihi. Mbwa akisimama njiani ni mbwa. Jibwa likisimama njiani moyo unaenda mbio, na si neno tu, ni sentensi nzima inabadilika, "likasimama, likatutazama", kila kitenzi kinabeba ule uzito wa li-.

Udunishi una pande mbili na hapo ndo pazuri. "Kizee kile kilikuwa kimekaa kwenye kijumba chake" inaweza kuwa dharau na inaweza kuwa huruma, neno halitakwambia, maneno yaliyo jirani yake ndo yatakwambia. Kama pembeni kuna "kikakohoa, kikatema", ni dharau. Kama pembeni kuna "kimefunika miguu kwa kipande cha kanga", unataka kwenda kumwongezea blanketi.

Kwenye shairi, mizani na vina vinajenga mudi?

Ndiyo. Tarbia ya kawaida ina mishororo (mistari) minne kila ubeti, kila mshororo mizani (silabi) 16 iliyogawanywa nane kwa nane, kwa hiyo sauti inatembea kwa kupumzika katikati, inafaa mawaidha, majibizano, malalamiko ya polepole. Utenzi una mizani nane tu kwa mshororo, unakimbia, unafaa vita na safari. Jaribu kusoma hiki:

Ukungu ulitandaa
baridi ikatujaa
mashaka yakatutwaa
mbele tusione mtu.

Mishororo mitatu inafungwa na ile "aa" ndefu, kama mtu anayeita kwenye ukungu. Wa nne unakuja na kina kingine kabisa, "tu", kifupi, kimekatwa, na sikio lililokuwa linasubiri "aa" nyingine halijibiwi. Upweke uko kwenye kina chenyewe. Wanafunzi wakishahesabu mizani, ambayo wanaipenda kwa kuwa ni hesabu, usiishie hapo, waulize sikio lao lilitegemea nini na likapewa nini.

## Darasani

Nina wanafunzi 80 na vitabu vichache, somo hili nalifundishaje?

Huhitaji kitabu, unahitaji ubao, chaki na kipande kifupi. Mimi natumia hiki, kipindi cha dabo kinatosha:

"Saa kumi na moja alfajiri stendi ilikuwa tupu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati kama mgeni asiyetaka kuaga. Mama akanishika mkono, akaniachia, akanishika tena. Basi likawasha taa. Hakuna aliyesema kitu."

Kisome mara mbili, polepole, wao wasiandike chochote. Waambie kila mmoja aandike neno moja tu la alivyojisikia, dakika moja. Kusanya kama kumi ubaoni. Afu chukua dasta ufute tashibiha kwenye kipande uweke nyingine, "kama mgeni asiyetaka kuaga" iwe "kama shuka juu ya mtoto aliyelala", uwasomee tena. Utaona nyuso zinabadilika, mtu atasema "sasa kumetulia". Rudisha la mwanzo, futa sasa "akaniachia, akanishika tena", ibaki "Mama akanishika mkono." Waulize nini kimepotea.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kijana mmoja wa nyuma, asiyenyoosha mkono kabisa, alisema: "Mwalimu, yule mama hataki aende, ila hawezi kusema." Hakutaja tamathali yoyote. Lakini alikuwa ameshafanya uhakiki wote, kilichobaki kwangu ilikuwa kumwambia kwamba huko kurudiarudia kitendo kunaitwa takriri, na yule mama hakuhitaji kupewa sentensi hata moja ya kuongea.

Zoezi la mwisho wakae wanne wanne, wabadilishe maneno matatu tu ili stendi ileile iwe ya furaha ya mtu anayerudi nyumbani. Matatu tu, wasiandike upya. Hapo wanagundua wenyewe maneno gani yanabeba mzigo na yapi yamesindikiza.

Wanafunzi wangu wanaishia kusema "huzuni" na "furaha" tu. Nifanyeje?

Wape maneno, kwa sababu huwezi kuona kitu usichokuwa na jina lake. Huzuni yenyewe ina majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, unyonge, upweke, na hazilingani. Kihoro ni cha mtu aliyepotelewa ghafla kikamkaba, upweke unaweza kumkuta mtu aliye katikati ya harusi. Vivyo hivyo hofu, wasiwasi na taharuki, au furaha, bashasha na utulivu.

Ninachofanya ni kuwapanga watu sita mbele ya darasa, kila mmoja na neno lake kwenye karatasi, na darasa linawapanga kutoka hali nyepesi mpaka nzito. Watabishana. Waache wabishane, wakimaliza hawasahau.

Jibu la mtihani liandikwe vipi?

Hisia, ushahidi, namna unavyofanya kazi. Kwa kipande cha stendi, jibu ninalolipa maksi zote linaweza kuwa hivi:

"Mwandishi amejenga hali ya majonzi ya kuagana. Takriri ya kitendo cha kushika mkono, 'akanishika mkono, akaniachia, akanishika tena', inaonyesha mama anavyosita, anataka kumwachia mwanaye na wakati huohuo hataki. Tashibiha ya ukungu kama 'mgeni asiyetaka kuaga' inahamishia kusita huko kwenye mazingira, hivyo hata stendi inaonekana haitaki safari hiyo."

Ukiona sentensi inaweza kuhamia kwenye jibu la kitabu kingine bila kubadilishwa neno, ifute. Sababu nimeeleza kule kwenye swali la kuanza na mudi au tamathali.

Naweza kutumia simulizi na historia ya huku kwetu?

Tumia, tena ndo pa kuanzia kwa kidato cha kwanza na cha pili. Iringa wana jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe linaelezwa kuwa ni jiwe linalozungumza. Mwambie mwanafunzi aeleze asubuhi moja juu ya lile jiwe, mara ya kwanza jiwe linazungumza na mtu anayelipenda, mara ya pili na mtu mwenye siri.

Historia ni nzuri kwa sababu ukweli hauhami, mudi ndo inahama. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa hapohapo. Miaka saba baadaye, 1898, Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, akajiua badala ya kukamatwa, kichwa chake kikachukuliwa, na fuvu likarudishwa mwaka 1954, sasa liko Kalenga, Iringa. Gawa darasa mara mbili. Nusu waandike aya moja kuhusu Lugalo ikiwa na mudi ya ushindi, nusu nyingine waandike Lugalo hiyohiyo kwa mudi ya majonzi, wakiwa wanajua yanayokuja. Wasibadilishe tukio wala tarehe hata moja. Wale wa majonzi mara nyingi wanaanza na wanawake waliobaki nyumbani wakisubiri, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Kwa simulizi za mdomo usisahau kwamba nusu ya mudi iko kwenye sauti ya msimulizi, anapopunguza sauti, anaponyamaza kabla ya neno. Ukiandika ile hadithi kwenye karatasi lazima utafute kitu cha kushika nafasi ya ule ukimya, nukta, aya mpya, sentensi fupi.

## Yanayotatiza

Wanafunzi wawili wameona mudi tofauti kwenye kipande kimoja. Nani amepata?

Wanaweza kupata wote, lakini si kila jibu ni sahihi. Kinachoamua ni ushahidi. Kwenye kile cha stendi mmoja akisema majonzi na mwingine wasiwasi, wote wana pa kushika. Akitokea wa tatu anasema "furaha, kwa sababu kusafiri ni raha", huyo amesoma safari zake mwenyewe, hajasoma kipande. Mwombe akuonyeshe neno. Akilikosa atarudi mwenyewe bila kuaibishwa.

Mudi ikibadilika katikati ya kipande naandika ipi?

Andika zote mbili na uonyeshe ilipogeukia, mara nyingi kuna neno moja kama "lakini", "ghafla", "kumbe", au kuna sauti inayoingia. Mgeuko huo wenyewe ndo jambo la kuhakiki, usiuruke.

Tukio ni la huzuni lakini kipande kinachekesha. Nimekosea kusoma?

Hujakosea. Hiyo ni habari ya toni na mudi kwenda njia tofauti, rudi kwenye mfano wa mtoto na soda.

Mwanafunzi ameanza kulia wakati wa kusoma. Nifanyeje?

Imenitokea, na kile cha stendi. Binti mmoja aliinamisha kichwa na baadaye nikajua kwamba mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule. Nilichojifunza ni kwamba usimtaje, usisimamishe darasa zima limwangalie, endelea kwa sauti ya kawaida na umpe nafasi ya kutoka kunawa uso. Ukimaliza muone pembeni, msalimie kwanza, muulize anaendeleaje nyumbani, mambo ya fasihi yasubiri. Mwalimu wa malezi naye ajue.

Na kwa darasa unalolijua lina wafiwa wapya, badilisha kipande. Mudi ya utulivu au ya shauku inafundishika vilevile, soko la Mwanjelwa linatosha.

Nikiwafundisha haya, insha zao zinajaa tamathali kila sentensi. Nitibuje?

Hili linakuja baada ya wiki mbili tatu, ujiandae nalo. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniandikia siku aliyoondoka nyumbani kuja bweni: jua lilichomoza kama sahani ya dhahabu, miti ikacheza ngoma, ndege wakaimba kama malaika, milima ikamwaga machozi. Nikamwita, nikamwambia hebu weka kalamu chini tuongee tu. Siku ile ulijisikiaje? Akasema vibaya. Ulibeba nini? Begi. Lilikuwaje? Akafikiri kidogo, akaniambia alikuwa ameliogopa lile begi wiki nzima akidhani litakuwa zito kulifikisha barabarani, afu asubuhi alipolinyanyua akashangaa.

Nikamwambia andika hiyo, futa jua na malaika wote. Akarudi kesho yake na ukurasa mmoja, na umeanza hivi: "Begi langu lilikuwa jepesi."